Wasomaji Wauliza: Jina na Mtaji wa Biashara ya Kuosha Madirisha Malindi

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni kijana wa Maweni, Malindi. Nimefanya kazi ya usafi katika hoteli ya ufuoni kwa miaka kadhaa, na sasa nataka kuanzisha biashara yangu mwenyewe ya kuosha madirisha ya nyumba za wageni, maduka na ofisi. Mtaji wangu ni mdogo. Binamu yangu, ambaye kazi yake ni kuchora mabango, ananishauri nitumie nusu ya akiba kwa nembo, fulana na matangazo, na jina liwe la Kiingereza ili liwavutie wageni. Mama naye asema kazi nzuri hujitangaza yenyewe, na kwamba fedha zote ziende kwenye vifaa. Nimfuate nani?
*M. K., Maweni*

JIBU: Ndugu M. K., wote wawili wanakutakia kheri, lakini kuna jambo ambalo hawakulitaja, nalo ndilo litakaloamua kama biashara yako itadumu: chumvi. Upepo wa kusi, unaovuma tangu Aprili hadi karibu Septemba, hubeba marasharasha ya bahari na kuyatua juu ya kila kioo kinachoelekea pwani, kuanzia Silversands hadi Mayungu. Maji hukauka, chumvi hubaki. Na kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewa, vumbi hunata juu yake, na kioo kilichooshwa siku chache tu zilizopita huwa kimefifia tena. Kwa hiyo mteja wa Malindi hahitaji mtu wa kumwoshea madirisha mara moja, bali anahitaji mtu atakayerudi. Unachokiuza ni kurudi kwa siku uliyoahidi, na jina lako, kadi yako na bei yako vyote vijengwe juu ya ahadi hiyo.

Tukianza na jina, sioni sababu ya kulifanya la Kiingereza. Wageni wenye nyumba hapa ni Waitaliano kwa wingi, na wanaokupokea langoni ni Waswahili na Wagiriama. Chagua neno fupi la Kiswahili ambalo Mtaliano ataweza kulitamka na mlinzi ataweza kulikumbuka, kisha chini yake uandike kazi unayoifanya kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiitaliano. Kabla ya kulipaka rangi popote, hakikisha halijachukuliwa: jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na sheria inamtaka kila anayefanya biashara kwa jina lisilo lake mwenyewe alisajili. Elewa pia kwamba usajili huo haukupi umiliki wa jina kama alama ya biashara. Umiliki huo hutolewa na KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, kwa muda wa miaka 10, kisha huhuishwa, na kwa sasa waweza kuuacha hadi biashara ipate nguvu.

Kuhusu fulana, binamu yako ana haki zaidi kuliko anavyojua mwenyewe, ingawa si kwa sababu ya urembo. Nyumba nyingi za Casuarina hukaa bila wenyewe kwa miezi mingi, na mtu anayepanda ngazi mbele ya dirisha la chumba cha kulala lazima ajulikane ni nani. Shati la rangi moja lenye jina la biashara, pamoja na kitambulisho chenye picha kifuani, humwondolea mlinzi wasiwasi na humpa jirani jibu kabla hajauliza. Shona mawili, uyafue kila siku, na uandike jina hilohilo kwa rangi hiyohiyo kwenye ndoo na kwenye mkokoteni. Mabango ya barabarani yasubiri, kwa kuwa anayeamua nani aoshe madirisha ya nyumba ya kifahari ni msimamizi wake, na msimamizi humuuliza msimamizi mwenzake.

Mama yako naye amesema kama walivyosema wahenga, kwamba kizuri chajiuza. Hilo ni kweli pale mnunuzi anapokiona. Lakini mwenye nyumba aliye Milano hakioni kioo chake. Yeye huona ankara tu. Kwa hiyo, kila umalizapo kazi, mtumie msimamizi picha mbili zilizopigwa mahali pamoja, moja kabla ya kuosha na nyingine baada ya kuosha, ili naye amfikishie tajiri wake. Picha hizo usizitangaze hadharani bila idhini, hata kama ni nzuri namna gani, kwa kuwa zinaonyesha vyombo vya watu na milango yao. Ukivunja amana hiyo mara moja, hakuna nembo itakayokutengeneza, na nakusihi ulichukue jambo hili kwa uzito kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa.

Vifaa vya kuanzia si vingi: ndoo mbili, kitambaa cha kulowanishia, kifutio cha mpira chenye mpini, vitambaa vya maikrofaiba, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na ngazi imara. Kifutio hicho chepesi cha shaba nyeupe, ambacho wengi hukidharau, kilipewa hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, Marekani mwaka 1938 kwa jina la Ettore Steccone, mhamiaji wa Kiitaliano aliyekuwa mwosha madirisha California. Waweza kuwasimulia wateja wako. Nunua kilicho bora, na ubadilishe mpira mara ukingo wake unapochakaa, kwa sababu ukingo uliochakaa ndio unaoacha mistari. Kabla ya kugusa kioo chenye chumvi kwa kitambaa, kimwagie maji matamu kwanza, la sivyo punje za mchanga zitakikwaruza. Osha pia fremu za alumini na nyavu za mbu, maana chumvi iliyobaki humo hula alumini na hudondoka tena kwenye kioo.

Ngazi isimamishwe kwa kipimo kinachofuatwa na mafundi wengi: kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wake uwe mita moja mbali na ukuta. Ukimwajiri mtu, sheria ya fidia ya ajali kazini ya mwaka 2007 inakutaka umkatie bima.

Bei iandike kwa dirisha na kwa upande, wa ndani na wa nje, kisha umpe nafuu anayekubali ratiba ya kila wiki mbili. Usitegemee nyumba za wageni peke yake. Hujaa Desemba hadi Machi na tena Agosti, lakini katika mvua za masika huwa kimya, na hapo duka la dawa, benki na ofisi za mjini ndizo zitakazokulisha. Chukua leseni ya kaunti ya Kilifi, uwe na nambari ya KRA na nambari ya Lipa na M-Pesa yenye jina la biashara, na ujifunze kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kuwa hoteli huihitaji ili gharama hiyo ikubaliwe katika hesabu zake za kodi.

Akiba yako, basi, iende zaidi kwenye vifaa na usajili. Mashati mawili na kadi chache zitoshe kwa msimu wa kwanza.

SWALI: Mimi ni msimamizi wa nyumba karibu na Casuarina. Vioo vya upande wa bustani vina madoa meupe yasiyotoka kwa sabuni, na kijana anayetuoshea ametaka kutumia asidi ya kusafishia choo. Nimruhusu?
*Bi. S., Malindi*

JIBU: La, Bi. S., usimruhusu. Asidi hiyo itaharibu fremu za alumini, na ikichuruzika itakula lipu ya chokaa na sakafu ya marumaru. Madoa hayo yaelekea ni chokaa ya maji ya kisima, ambayo hapa kwetu hupita katika mawe ya matumbawe na kukauka juu ya kioo. Kwanza atandike plastiki chini ya dirisha, kisha apake siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, aiache dakika chache, asugue kwa kitambaa laini na asuuze kwa maji ya mfereji au ya mvua. Aanze kwa pembe moja ya kioo ili muone matokeo. Madoa yaliyokaa miaka huenda yamekwisha kula kioo chenyewe, na hayo hayaondoki kwa siki wala kwa sabuni, bali kwa fundi wa kung'arisha vioo. Baada ya hapo, mwambie mtunza bustani ageuze mpira wa kumwagilia maji uelekee mbali na madirisha.