Miwani ya upofu wa rangi: soma hii kabla hujatoa hela

Wakuu, vijana wengi wananiuliza kuhusu ile miwani ya sisi tunaochanganya nyekundu na kijani, wameona zile video mtu anavaa tu machozi yanamtoka. Mimi nimezaliwa na hili tatizo, nalima zabibu huku Hombolo, na miwani yenyewe ninayo, ya kampuni ya EnChroma, binamu yangu kaniletea kutoka Marekani. Inasaidia ila haiponyi, ukinunua ukitegemea kupona utaumia roho bure.

Iko hivi, ndani ya jicho kuna seli za rangi aina tatu, sasa kwa wengi wetu zile za nyekundu na za kijani zinapokea mwanga unaokaribia kufanana, ndo maana rangi zinagongana. Kioo cha miwani kinakata mwanga wa pale katikati zinapoingiliana, tofauti inajitokeza zaidi. Lakini kama aina moja ya seli huna kabisa, hapo miwani haina cha kutenganisha. Kwahiyo anza kwa daktari wa macho ujue uko kundi gani, na kile kitabu cha vidoti cha Ishihara kinaonyesha kwamba tatizo lipo, ukubwa wake hakipimi vizuri, muombe akupime zaidi.

Faida yake mimi naiona shambani. Jua letu la Dodoma mnalijua, na hii miwani inataka mwanga mwingi, basi mchana nikiivaa vichala vyekundu vinachomoza kwenye majani, yaani napita mstari mzima bila kuinamia kila shina, nikiivua vinapotelea mle mle. Lakini kuamua zimeiva bado naonja, nabonyeza, halafu tunapima sukari, kwenye kuvuna siiamini rangi hata kidogo. Jua likizama naivua, inapunguza mwanga, na tafadhali ndugu yangu wa bodaboda usiivae usiku.

Na wale mnaotaka kuivaa kwenye usaili wa kazi zinazopima macho, acheni. Watafiti wa chuo kikuu cha Granada kule Hispania waliijaribu 2018 wakakuta inabadilisha rangi unazoziona tu, haikufanyi uone kama wengine.

Kama hela ni ya mawazo, simu yako inatosha kuanzia. Android nyingi ukiingia Mipangilio, sehemu ya ufikivu, kuna marekebisho ya rangi, na zipo programu za bure unaelekeza kamera inakutajia rangi, mimi naitumia sana nikichagua nyanya pale Majengo.

Kina mama, hili mara nyingi linarithiwa upande wa mama na linawapata zaidi watoto wa kiume, hata kama wewe mwenyewe unaona rangi zote vizuri. Mwanao akipaka majani kahawia usimgombeze, mwandikie jina la rangi kwenye kila penseli na umwambie mwalimu wake mapema.