Somo la Bahari Halitoshi Kufundishwa kwa Chaki

Mwalimu kijana aliyepangiwa skuli moja ya Pemba ameniandikia akiuliza awafanyeje wanafunzi wanaokariri maelezo ya kupwa na kujaa kwa maji bila kuyafahamu, ilhali wamezaliwa na kukulia pwani.

Mimi nilisomesha Jiografia mashariki ya Unguja, ambako kina mama wanalima mwani tangu kilimo hicho kilipoanza mwaka 1989. Watoto wao walijua, kabla ya kufunuliwa kitabu chochote, kwamba siku za bamvua, yaani maji makubwa, bahari hukupwa mbali naye mama huwahi shambani, na kwamba siku za maji mafu, yasiyokupwa sana, kazi hulala. Kitabuni mlikuwa na mchoro wa jua, mwezi na dunia, wenye maelezo ya Kiingereza, wala hapakuwa na aliyeuhusisha na mashamba yale. Basi nikawaagiza wasimike kijiti chenye alama ufukweni, waandike saa ya maji kujaa, na usiku watazame umbo la mwezi. Waligundua wenyewe kwamba maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na kwamba bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, wakati jua, mwezi na dunia vinapokaribia kuwa katika mstari mmoja. Waliyajadili kwa Kiswahili kwanza, kisha wakayaandika kwa Kiingereza cha mtihani, na sikuwa tena na haja ya kuwaimbisha.

Mkuu wangu wa wakati ule aliiita kazi hiyo kuchezea maji, tena mbele ya walimu wenzangu. Nakiri kwamba maneno yale yananiuma hadi leo, kwa kuwa hakuwahi hata kuyafungua madaftari ya watoto wale.

Walimu wenzangu, tokeni nje! Anzeni na kile mtoto anachokijua nyumbani, ndipo mwende kitabuni. Wa Hesabu afuate bei ya kilo ya mwani mkavu. Wa Baiolojia awaulize wakulima kwa nini mwani wa aina ya cottonii hufa maji yanapozidi joto. Mtaala unaodai umahiri hautatekelezwa na mwalimu anayeogopa kulowa miguu.

Nawe ndugu yangu wa Pemba, pata ruhusa ya wazazi kwa maandishi, toka na darasa maji yanapokupwa, si yanapojaa, na umwombe mama mmoja mkulima awasomeshe yeye siku hiyo, wewe ukae usikilize.