Unataka Kuwa Myahudi? Nenda Kwanza Ukakae Nao

Ijumaa iliyopita mchana nilikuwa chumba cha walimu nasahihisha insha za kidato cha tatu, ujumbe ukaingia kwenye simu. Ulitoka kwa kijana wa Kahama. Sijawahi kumtia machoni, ila husoma ninayoandika. "Shikamoo mwalimu," alianza. "Nimeshaacha kanisa. Babu yetu alikuwa hagusi nguruwe, na wajukuu wa kiume alitutahiri wote, kwa hiyo naamini sisi ni Wayahudi wa makabila ya Israeli yaliyopotea. Herufi za Kiebrania nimejifunza mwenyewe kwenye simu. Je, nifanye nini ili nitambuliwe?"

Marahaba, mdogo wangu. Sikukujibu siku ile kwa sababu Sabato ilikuwa inaingia, na mimi simu huizima kabla jua halijatua. Lakini swali lako nililala nalo na kuamka nalo. Najua wengi mnaonisoma mnataka alichotaka yeye, na neno lililonichoma ni hilo la mwisho: nitambuliwe. Neno hilo nimelibeba miaka mingi.

Mimi ni Mbukusu, yaani Mluhya, wa Bungoma nchini Kenya. Nilikulia kwenye kanisa ambalo mchungaji alijitanda shali lenye vishada, akapuliza pembe ya kondoo, akatuambia Waluhya ni uzao wa Israeli. Niliamini kwa moyo wote. Niliandika hata ushahidi: tunatahiri, tunarithi wajane, tuna miiko ya vyakula. Kurasa nne, zimepigwa chapa vizuri. Mwaka 2011 nikazitia kwenye bahasha, nikavuka mpaka, nikaenda Mbale nchini Uganda, kwenye kilima cha Nabugoye wanakoishi Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda. Nilidhani nitapokewa kama ndugu aliyepotea.

Mzee mmoja alizisoma zote nne, taratibu, kidole kikifuata mistari. Akazikunja, akanirudishia. Akasema, "Sisi hatukutoka kabila lililopotea. Wazee wetu walisoma kitabu, wakaamua." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ni lazima nikueleze hao wazee ni nani, maana hapo ndipo somo lilipo. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatwalia Waingereza nchi ya mashariki ya Uganda, akitarajia kwamba wangemfanya mfalme huko. Hawakumfanya. Akawapa kisogo, akajiunga na Wamalaki, dhehebu lililokataa dawa za hospitali na kushika Sabato ya Jumamosi. Akawa anasoma Biblia waliyoleta wamisionari, na alivyozidi kuisoma Torati ndivyo alivyozidi kuishika, hata mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Wenzake wakamwambia, hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Hapo hakuna damu iliyofichika, hakuna babu wa ajabu kutoka Yerusalemu. Kuna mtu mzima aliyesoma, akaamua, akalipa gharama, na watu waliokaa pamoja naye na wakabaki hata baada ya kufa kwake mwaka 1928. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, sinagogi zikafungwa, wengi wakahamia Ukristo na Uislamu, na waliobaki wakasali kwa kujificha. Amin akaanguka Aprili 11, 1979, majeshi ya Tanzania yalipoiteka Kampala, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia. Kijana wangu wa Kahama, huenda mtaani kwenu yuko mzee aliyepigana vita vile. Mwamkie kwa niaba yetu.

Turudi kwangu na bahasha yangu. Sikuwa nimekula. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa hivi, na kila kitu lazima kiive kabla ya jua kuzama kwa sababu baada ya hapo moto hauwashwi. Nikapelekwa jikoni kwa akina mama, nikapewa kisu na kilima cha matoke. Nilimenya mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Hakuna aliyeniuliza habari za makabila. Mama mmoja alinionyesha tu jinsi ya kupaka mafuta mikononi kwanza ili utomvu usigande, kwa kuwa niliingia kazini bila kuuliza. Jua lilipozama mishumaa ilikuwa imeshawashwa, na zaburi zikaanza kuimbwa kwa Kiganda na Kiebrania, ngoma ikiitikia. Mimi nimesimama nyuma, mikono myeusi, nalia.

Kwa sisi walimu wa Kiswahili, jioni ile ilikuwa na utamu wake mwingine. Kiebrania nilikisikia kama lugha ya jirani. Yatima wao ni yatom, nafsi ni nefesh, malaika ni malakh, na sadaka yao, tsedaka, shina lake ni haki, kwamba kumpa maskini ni kumtendea haki wala si kumhurumia. Nao siku huzihesabu usiku kwanza kisha mchana, kama wazee wa pwani wanaposema usiku wa Ijumaa wakimaanisha Alhamisi jua likishatua. Jumamosi tu ndiyo tunayopishana. Jina lake kwetu ni ya kwanza, kwao ni ya mwisho, ambayo siku nyingine zote huhesabiwa kuielekea. Kila muhula nawafundisha watoto neno mosi, na kila mara mawazo yangu huenda Nabugoye.

Sasa nikuambie siku iliyoniuma, ili usije ukaambiwa na mwingine kwamba njia hii ni nyepesi. Mwaka 2012, asubuhi ya Jumatatu. Mzee yuleyule aliyesoma kurasa zangu alikuwa amefiwa na dada yake, na alitaka kusema Kadishi, sala ya wafiwa. Sala hiyo haisemwi na mtu peke yake, wanahitajika Wayahudi wazima kumi. Wayahudi hawapendi kuhesabu watu kwa namba. Huchukua mstari wa Zaburi ya 28 wenye maneno kumi ya Kiebrania, kila mtu akapewa neno lake. Mzee akaanza kwa kidole, hoshia, et, amekha, akipita mtu mmoja mmoja. Kidole kilipofika kwangu kiliniruka. Hakikusita, kilipita tu kama kinavyopita kiti kitupu. Maneno yakaishia la tisa. Neno la kumi, ha'olam, lenye maana ya milele, halikuwa na mtu.

Tulingoja saa nzima. Hakuna aliyekuja. Mzee akafunga kitabu chake, akakaa. Mimi nilikuwa palepale, hatua mbili, najua sala ile kwa moyo, na sikuwa na faida yoyote kwake. Hapo ndipo nilipoacha kutaka kutambuliwa. Nilitaka kuwa neno la kumi ili mtu yule aweze kumlilia dada yake. Ukiniuliza nilianza lini safari yangu, sitakutajia siku ya kuzama majini wala siku ya cheti. Nitakutajia Jumatatu ile.

Miaka ya kusoma sitaisimulia. Ni kalenda, ni baraka za chakula, ni kusahau na kukumbuka.

Lakini kuna kosa moja ambalo lazima nilitaje, na nakuomba ulisome mara mbili. Kwetu Bungoma kuku si kitoweo tu, kuku ni heshima. Mwaka huohuo wa 2012 nilirudi nyumbani nikiwa nimejifunza sheria za kosha, yaani za chakula cha Kiyahudi, kichwa kimejaa. Mama yangu alikuwa amenichinjia jogoo. Akaleta bakuli, firigisi ikiwa juu, upande wangu, mbele ya shangazi zangu wawili. Nikasema kwa sauti, "Mama, hii siwezi kula, haikuchinjwa inavyotakiwa." Mama akaniangalia. "Inavyotakiwa na nani, baba?" Akachukua kifuniko, akafunika bakuli, akalirudisha jikoni mwenyewe. Alifariki mwaka 2017. Miaka yote mitano ile hakunichinjia tena kuku.

Nilipoisimulia Nabugoye nikitarajia sifa, mzee alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akaniuliza kama najua Talmudi, kitabu cha mafundisho ya wahenga wa Kiyahudi, inasema nini juu ya anayemwaibisha mwenzake hadharani. Sikujua. Inasema ni kama amemwaga damu. Jogoo nilimkataa kwa ajili ya damu, na damu ya mama yangu nikaimwaga mbele ya wageni wake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msipeleke dini mpya jikoni kwa mama zenu kama askari. Nenda siku mbili kabla. Keti naye. Mwambie, mama, siku hizi nyama nakula kwa utaratibu fulani, lakini ugali wako na mboga zako bado nazitaka. Chukua jembe ukamlimie. Sheria ya kumheshimu baba na mama imo kwenye zile Amri Kumi, na sheria ya kuku haimo. Kijana anayejivunia kushika Sabato huku mama yake hamsalimii vizuri bado hajaanza, hata akijua Kiebrania chote.

Nilisimama mbele ya warabi watatu, walimu wa dini ya Kiyahudi, mwaka 2014 ili nipokewe. Waliniuliza maswali, nikajibu. Kisha likaja jambo la kutahiriwa. Mimi nilikuwa nimetahiriwa Agosti 1996, kwa mila ya Kibukusu, nimepakwa tope la mtoni mwili mzima, mbele ya kijiji kizima, na sikupepesa jicho. Katika utu uzima wangu hakuna jambo nililolionea fahari kuliko hilo. Nikaambiwa kisu kile kilinifanya Mbukusu, kwa hiyo sasa litatolewa tone moja la damu kwa nia ya agano la Ibrahimu. Tone moja tu, kama la sindano, chumbani, bila ngoma wala shangwe. Baadaye nikazama majini mara tatu mpaka unywele wa mwisho. Mila yangu sikuivua. Mbukusu nimebaki.

Sasa hilo la kutambuliwa. Mwaka 2018 nilipata safari ya kwenda mji mmoja mkubwa wa Ulaya, ambao sitautaja. Ijumaa nikatafuta sinagogi. Mlinzi aliniuliza maswali, na hilo silimlaumu, sinagogi zimeshambuliwa na watu wamekufa ndani yake. Lakini nilipoingia, bwana mmoja mtanashati akanipa koti lake nilitundike. Alidhani mimi ni mtumishi. Nililitundika. Kisha nikachukua kitabu cha sala, nikakaa nyuma, na alipogeuka akaniona nasoma, alitazama pembeni. Hakuja kuniomba radhi. Mpaka leo nikilikumbuka koti lile, mikono huwa mizito.

Na si mimi tu. Watu wapatao mia nne wa Abayudaya walipitia uongofu rasmi mwaka 2002 mbele ya warabi wa tawi la Kikonsavativu, na bado wapo warabi wa Kiorthodoksi, tawi linaloshika sheria kwa ukali zaidi, wasioukubali. Rabi Gershom Sizomu alisomea urabi Los Angeles, akawekwa wakfu 2008, akarudi kilimani kwake, akachaguliwa hata kuwa mbunge mwaka 2016, na bado baadhi ya watu wa jamii yake wamekataliwa uraia wa Israeli. Ukiingia Uyahudi ili kila mtu duniani akupigie makofi, utakufa kwa uchungu. Mimi nilipofungua kitabu katika mji ule, kurasa zilikuwa zilezile, na wimbo ulipofika mahali pa kuitikia, niliitikia. Aliyenipokea alikuwa kitabu, na nyuma ya kitabu walikuwa watu wa Nabugoye.

Ruthu Mmoabu, ambaye kila anayeingia Uyahudi husimuliwa habari zake, alipomng'ang'ania mkwewe alitaja watu kwanza, ndipo akamtaja Mungu. Angalia mpangilio huo. Wengi wetu tunaanza na Mungu wa kwenye video, tunapigana na majirani kwa ajili yake, na watu hatuna. Tangu vita vya Gaza vianze Oktoba 2023 nimeona vijana waliojiita Wayahudi kwa wiki mbili wakitukana Waislamu mtandaoni. Huko Mbale, tangu 2004, Wayahudi, Waislamu na Wakristo wanalima kahawa katika ushirika mmoja, Mirembe Kawomera, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Nenda ukakae nao, ndipo uje uzungumze.

Na jambo moja la ukweli, hata kama litakuudhi. Huwezi kuwa Myahudi na huku unamwamini Yesu kuwa Masihi. Mchungaji mwenye shali na pembe hakukuambia hilo, wala wangu hakuniambia. Mheshimu, lakini chagua.

Basi, mdogo wangu wa Kahama. Babu yako mpende kwa kuwa ni babu yako, na nguruwe wake mwache apumzike. Andika barua kwanza, usiwatokee watu tu. Wakikukatisha tamaa mara ya kwanza, andika tena, ni desturi yao kumrudisha anayebisha hodi. Ukikaribishwa, vuka mpaka pale Mutukula, endelea hadi Kampala, mabasi ya Mbale ni mengi, na kutoka mjini bodaboda itakufikisha kilimani. Fika Ijumaa kabla ya saa tisa. Vaa shati usilolionea uchungu, utomvu wa matoke hautoki. Ukiingia jikoni waamkie akina mama, uliza kisu kiko wapi, na upake mafuta mikononi kabla hujaanza kumenya.