Daftari la Mwanachuo: Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

Ndugu wahariri, nipo mwaka wa pili, nasomea sosholojia Dar es Salaam. Nasoma desa, yaani notisi za wenzangu zilizonakiliwa, mpaka saa nane usiku na kupaka rangi mistari muhimu, lakini nikiingia kwenye mtihani kichwa ni cheupe. Nimeshapata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio. Nakosea wapi?

Unakosea kwenye kurudia kusoma. Maneno yale yale ukiyapitia mara ya tatu, macho huyazoea, nawe ukadhani umeyajua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vifupi. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Kingine walikisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, kile kilichosomwa mara mbili kilikumbukwa zaidi. Waliopimwa baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 ya kifungu walichokisoma mara mbili, na asilimia 56 ya kile walichokiandika kutoka kichwani. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika 5.

Nunua kaunta buku ya kwaya 2. Kwenye kila ukurasa piga mstari wa wima sentimita 6 kutoka ukingo wa kushoto, na wa mlalo sentimita 5 kutoka chini. Mpangilio huu ulienezwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell. Upande mpana wa kulia ni wa notisi za darasani. Jioni ya siku hiyo hiyo, upande wa kushoto andika maswali ambayo notisi zako zinayajibu. Kwa mfano, ukisoma kuhusu mwanasosholojia Max Weber, usiandike "Weber na urasimu", andika "Kwa nini Weber aliuona urasimu una ufanisi kuliko utawala wa kimila?" Sehemu ya chini weka sentensi tatu za muhtasari, ukiwa umezifunika notisi.

Kisha jipime: ziba upande wa kulia kwa karatasi, soma swali, jibu kwa sauti. Fanya hivyo kesho yake, siku ya nne, baada ya wiki, na baada ya wiki tatu. Mapitio ya kwanza yawe karibu, kwa sababu usahaulifu huenda kasi zaidi katika saa za mwanzo. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliliandika hilo mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe. Wengi huharibu kwa kungoja Jumamosi ndipo waandike maswali ya wiki nzima. Kufikia hapo notisi zenyewe zimeshakuwa ngeni, na maswali yanakuwa ya kunakili tu.

Desa usilitupe. Litumie mwisho, kulinganisha na majibu yako. Ukianza nalo, unakariri uelewa wa mtu mwingine pamoja na makosa yake.

Nina daftari la mawazo yangu kuhusu jamii. Kila nikilisoma upya naona ni malalamiko: vijana hawana maadili, watu hawajali. Nifanyeje ili liwe na maana? (Mwanafunzi wa ualimu, Morogoro)

Sentensi kama "watu hawajali" haina mtu ndani yake, ndiyo maana haikufikishi popote. Anza na tukio moja dogo uliloliona kwa macho yako wiki hii, uliandike kabla hujatoa hukumu.

Tuchukue mfano unaofahamika: konda wa daladala anawazuia wanafunzi wa sekondari mlangoni. Aya ya kwanza iwe ya tukio tu: siku, saa, kituo, wanafunzi wangapi walibaki, konda alisema nini kwa maneno yake. Aya ya pili tafuta sababu inayohusu fedha au kanuni kabla ya kufikia tabia. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, na anachukua nafasi ile ile. Konda na dereva wana hesabu ya kumpelekea tajiri, mwenye gari, jioni, iwe abiria walikuwa wengi au wachache. Ukishayaandika haya, "konda mkatili" anapungua na linabaki swali gumu zaidi: gharama ya nauli nafuu ya mwanafunzi inabebwa na nani? Aya ya tatu mpe nafasi mtu ambaye hukubaliani naye, uiandike hoja yake kwa nguvu kiasi kwamba mwenyewe angeisoma akasema, "Ndivyo." Aya ya mwisho andika swali ambalo bado huna jibu lake, na mtu wa kumuuliza. Kisha nenda ukamuulize. Hapo ndipo wengi wanaishia njiani, na hapo ndipo daftari linapopata thamani.

Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha. Ukiandika kuhusu jirani wa hosteli au ndugu, badilisha jina na kozi yake, madaftari hupotea.

Shikamooni. Napenda sana bao, lakini nikikaa barazani na wazee jioni inaisha bila kufungua kitabu. Niache? (Zanzibar)

Marahaba. Usiache. Weka kikomo cha michezo, siyo cha muda: michezo miwili, halafu unaaga. Kuondoka katikati ya mchezo ni kukosa adabu, ndiyo maana kikomo cha saa hakifanyi kazi. Ukirudi, andika mistari miwili: nyumba yako (shimo lako kubwa) ilipoliwa ulikuwa umebakiwa na kete ngapi za namua, zile za mkononi, kati ya 22 za kuanzia, na mwenzako alikutega vipi. Baada ya mwezi utaona unafungwa kwa njia ile ile.

Natamani kusoma riwaya, ila muda sina, na bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, likitoka linaishia kwenye kodi na chakula. (Dodoma)

Kurasa 15 kwa siku humaliza riwaya ya kurasa 200 ndani ya wiki mbili. Zisome kabla ya kushika simu asubuhi, au ukiwa kwenye foleni. Usiku kitandani ni wakati mbaya: utarudia ukurasa ule ule mpaka usingizi ukuchukue.

Kuhusu fedha, anza na maktaba ya chuo, kwenye rafu za fasihi ambazo wanafunzi wa kozi nyingine hawazifikii. Kisha nenda maktaba ya mkoa. Ukinunua vitabu vilivyotumika barabarani, fungua katikati kwanza, maana gundi huachia hapo na kurasa hudondoka. Halafu hakikisha namba za kurasa zinafuatana. Wanne mkinunua kila mmoja kitabu chake na kubadilishana, mna vitabu vinne kwa bei ya kimoja. Andikeni jina la mwenye kitabu na tarehe ya kurudisha ndani ya jalada. Bila tarehe, kitabu hakirudi.

Riwaya ikikuchosha baada ya kurasa 50, iache bila hatia, uandike sentensi moja ya kwa nini.

Masomo ni kwa Kiingereza. Daftari niandike kwa lugha gani? (Mwaka wa kwanza, Mbeya)

Notisi na maswali ya kujipima viwe kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho utakachojibia. Muhtasari wa chini uandike kwa Kiswahili, kana kwamba unamweleza mdogo wako aliye kidato cha pili. Ukikwama, tambua sehemu hiyo ulikuwa umeikariri tu. Irudie kabla ya kipindi kijacho, au mfuate mhadhiri nayo ikiwa imeandikwa kama swali.