Re: Miche ya kahawa inageuka njano, Machame

Pole, dada. Umesema miche ilikuwa mizuri, ikaanza kugeuka njano na kuungua kingo baada ya kung'oa migomba ili "ipate jua". Nadhani jua ndilo linaloiumiza. Kahawa aina ya arabika asili yake ni misitu ya milimani kusini magharibi mwa Ethiopia, inakoota chini ya miti mikubwa. Wazee wa kihamba, yaani shamba la mseto la Wachaga kuzunguka nyumba, hawakuichanganya na migomba na mringaringa (mti wa kivuli) bila sababu.

Wiki hii chomeka matawi yenye majani kuzunguka kila mche, hasa upande wa jua la mchana. Tandaza majani makavu ya mgomba, ila yasiguse shina, litaoza. Kisha rudisha migomba.

Mche usiochipua hata ukipata kivuli, uchimbue utazame mzizi mkuu. Ukiwa umejikunja kama ndoano, utupe tu, hautakaa uzae vizuri. Unapopanda mwingine masika, shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza kabisa. Mbichi inaunguza. Miche chukua TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania), Lyamungu hapo jirani. Wana aina zinazostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani.