Kwenda kujifunza Kihispania nje: tafuta nyumba kabla ya shule, intanshipu ije mwisho

Wanaotaka kwenda kujifunza Kihispania nje wakinitafuta swali la kwanza huwa ni shule, shule gani nzuri, darasa lina watu wangapi, cheti kinatambulika au hakitambuliki. Sio swali baya ila mi ningeanza kwingine kabisa. Hebu piga hesabu, darasani utakaa masaa manne kwa siku, yakizidi sana matano, halafu mchana na jioni na wikiendi nzima uko wapi? Uko nyumbani kwa watu. Kwa hiyo nyumba ndo shule yenyewe, na ile unayoilipia ada ni sehemu ya kwenda kunyooshewa sarufi.

Mi nimekaa na familia Salamanca, Hispania, halafu baadaye nikaenda Quetzaltenango kule Guatemala, mji ambao wenyewe wanauita Xela na wanatamka Shela. Ninayosema yanatoka huko, kama unaenda Argentina au Mexico kuna mengine utayakuta tofauti.

Sasa nyumba. Shule nyingi zinakupa fomu ya kujaza, unavuta sigara? una mzio wa chakula gani? unaogopa mbwa? basi, umemaliza. Usiishie hapo. Andika imeili uulize nani hasa anaishi kwenye hiyo nyumba, wanapokea wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja na wanaongea lugha gani, na je wanakula pamoja na mgeni au mgeni anawekewa chakula chake pembeni. Hili la kula ndo kubwa kuliko yote. Kuna familia zinapokea wanafunzi wanne watano kwa mpigo, nyumba safi, chakula kitamu, wenyewe wakarimu kabisa, lakini mezani pale ni Kiingereza mwanzo mwisho kwa sababu wageni wako wengi kuliko wenyeji. Na kuna dada mmoja tulisoma naye darasa moja, yeye kila siku alikuta sahani kwenye maikrowevu na nyumba kimya, wenyewe wako kazini au wamelala, akawa anaishi na watu ambao yeye hajui hata sauti zao vizuri. Shule zinaruhusu kubadilisha familia ila inabidi useme mapema, wiki ya kwanza ukiweza, na umwambie yule anayeshughulika na malazi sio mwalimu wako, mwalimu atakuonea huruma tu.

Mama mwenye nyumba wangu wa Salamanca alikuwa mzee, mjane, anaishi peke yake na anapenda kubishana na taarifa ya habari. Chakula cha mchana pale ni saa nane na nusu, saa tisa, na ndo mlo mkubwa wa siku, usiku mnakula kidogo saa tatu au saa nne. Kila siku nikifika mezani swali ni lilelile, leo umefanya nini. Yaani hilo swali moja ndo lilinifundisha wakati uliopita wa Kihispania kuliko vitabu vyote, maana inabidi usimulie, umetoka, umepotea njia, umekutana na fulani, na kesho yake tena, na maneno ni yaleyale yanazunguka mpaka ulimi unazoea wenyewe. Na alikuwa na namna yake nzuri sana, hanikosoi, anairudia sentensi yangu ikiwa imenyooka kama vile anahakikisha amesikia, halafu anaendelea na maongezi. Ukipata mtu wa hivyo usihangaike kutafuta programu za kwenye simu.

Kwa hiyo kwenye malipo angalia milo. Ya nusu, wanayoita media pensión, mara nyingi ni chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na ile kamili inaongeza mchana. Watu wanakata mchana ili kuokoa hela halafu wanakula mkate mtaani na wanafunzi wenzao, kwa Kiingereza. Kwa Hispania mi ningelipia mchana hata kama inabidi nipunguze wiki moja ya masomo.

Vitu vidogo vya nyumbani navipitia haraka. Hispania nyumba nyingi za zamani zinachemsha maji kwa mtungi wa gesi, ukioga nusu saa hakuna atakayekwambia kitu ila utaona sura zimebadilika. Guatemala bomba la mvua mara nyingi lina hita ya umeme palepale juu, na lenyewe ukifungua maji mengi ndo yanazidi kuwa ya baridi, fungua kidogo uvumilie. Karatasi ya chooni huko inaingia kwenye pipa la pembeni sio ndani ya choo. Maji ya kunywa ni ya kwenye dumu, ya bomba achana nayo. Na uliza Jumapili inakuwaje, familia nyingi Guatemala hazimpikii mgeni siku hiyo.

Kuhusu nchi, ubishi wa Kihispania kipi ni safi mi umenichosha. Salamanca wanajisifu, na chuo kikuu chao kipo tangu 1218 kwa hiyo waache wajisifu, lakini anayeanza tofauti zenyewe ni chache: Hispania wana vosotros, yaani nyinyi, na ile z ya kutoa ulimi kwenye meno, Amerika ya Kusini na ya Kati hawana hivyo, na sehemu kama Argentina na Guatemala utasikia vos badala ya tú, yaani wewe. Utaelewana na wote. Cha kuangalia ni mambo mengine. Barcelona ni mji mzuri jamani, ila kuna Kikatalani kwenye mabango, mashuleni na nyumba nyingi, sasa kama hata Kihispania chenyewe bado unakitafuta unajiongezea kazi. Guatemala faida yake ni mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja, hiyo kule ndo kawaida, na kwa bei ambayo Hispania unapata darasa la watu kumi. Antigua, mji mwingine wa hukohuko, ndo maarufu lakini imejaa wageni, Xela wako wachache zaidi, ila iko juu zaidi ya mita 2,300, usiku kuna baridi kweli na nyumba hazina hita, beba sweta mbili.

Na Agosti usiende Hispania kama una mpango wa intanshipu, yaani kukaa kwenye ofisi ya watu kujifunza kazi. Watu wako likizo, ofisi nyingine zinafungwa kabisa, utakaa na kompyuta na mlinzi.

Haya, intanshipu. Kwenye programu nyingi ni ya hiari, unaongeza ukitaka, na mara nyingi hulipwi, tena wengine wanakutoza wewe ada ya kukutafutia nafasi. Wanaokuuzia watakwambia kiwango cha B1, yaani ngazi ya kati ya lugha kwenye vipimo vya Ulaya, kinatosha. Kinatosha kuingia mlangoni. Kwa ofisi inayofanya kazi kweli mi nasema subiri mpaka uguse B2, ngazi inayofuata, kwa sababu asiyejua lugha anapewa kazi isiyohitaji lugha, utatoa kopi, utapanga mafaili, au mbaya zaidi utapewa tovuti yao uitafsiri kwa Kiingereza maana hicho unakijua, na siku nzima inaisha hujaongea Kihispania na mtu, ilhali umekilipia.

Kwa hiyo ukihojiwa nawe hoji. Nitakaa na nani, nitaongea na wateja au hapana, simu nitapokea? Jina kubwa la kampuni lisikubabaishe, kampuni kubwa ndo wanaokukalisha kona na kompyuta. Mi nilifanya Xela kwenye ofisi ndogo ya kutembeza watalii, tuko wachache, na simu ikilia aliye karibu ndo anapokea. Simu ni ngumu aisee, huoni mdomo wala mikono ya mtu, halafu yuko kwenye basi na makelele, anauliza kama safari ya volkano ya kesho bado ipo. Mwanzoni nilikuwa naandika pembeni sentensi za kujibu kabla haijalia. Lakini kwa lugha hakuna kazi nyingine niliyofanya iliyonipeleka mbio vile.

Za kujitolea kwenye vituo vya watoto yatima kwa wiki mbili tatu mi siungi mkono, watoto wanazoea mtu halafu anaondoka, halafu anakuja mwingine na kamera.

Makaratasi yasikushtue ila yajue mapema. Hispania iko Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi, viza ya muda mfupi ni siku 90 ndani ya siku 180, kozi ikizidi hapo unahitaji viza ya mwanafunzi na hiyo inaombwa kabla hujaondoka. Kampuni nyingi za Hispania hazikupokei bila convenio, yaani mkataba wa pande tatu, shule, kampuni na wewe, kwa hiyo kama shule yako haitoi hiyo karatasi ahadi ya intanshipu ni maneno tu. Guatemala nako ukiingia unapewa siku 90 zinazohesabika pamoja na El Salvador, Honduras na Nicaragua, kuvuka kwenda Honduras ukarudi hakukuanzishii hesabu upya, wengi wanatoka kwenda Mexico. Kama pasi yako inahitaji viza uliza ubalozini wao, usiulize kwenye makundi ya WhatsApp.

Ukitaka cheti cha kuweka kwenye CV kuna DELE ya Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kukuza Kihispania, haiishi muda wake, na kuna SIELE inayofanyika kwa kompyuta, matokeo yake yanatambulika miaka mitano. DELE ina tarehe zake kwa mwaka na usajili unafungwa wiki kadhaa kabla, ipange pamoja na tiketi.

Kuna kitu watu wengi wanafanya intanshipu ikianza, wanahama kwenye familia wanapanga fleti na maintern wenzao, eti sasa wamekuwa wafanyakazi. Usihame. Huko kazini kutakuwa na vikao ambavyo umeelewa nusu, vichekesho vilivyokupita, barua ambayo hujui imeandikwa kwa hasira au kwa heshima, na mtu wa kumuuliza yuko mezani saa tatu usiku anakusubiri umwambie leo umefanya nini. Na malazi yenyewe lipia wiki chache tu kwanza, uione nyumba, usikilize wanavyoongea, ndo umalizie hela iliyobaki.