Kabla hujampa mzazi wako vidonge vya lithiamu

Tangu Agosti 2025 ndugu na marafiki wananitumia habari ileile: lithiamu, madini tunayoyajua kwenye betri za simu, huenda ikaukinga ubongo na ugonjwa wa kusahau. Habari yenyewe ina msingi. Bruce Yankner na wenzake wa Harvard waliandika katika jarida la Nature kwamba lithiamu imo kiasili ndani ya ubongo wa binadamu, na hupungua kwa watu walioanza kupoteza kumbukumbu, kwa kuwa mabonge ya amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa hawa, huinasa. Panya waliopewa lithiamu oroteti, aina mojawapo ya chumvi za lithiamu, tena kidogo mno, walirudiwa na kumbukumbu.

Lakini hao ni panya, na mama yangu anameza dawa nyingine.

Mama ameanza kusahau. Anauliza kama chai iko tayari na kikombe kiko mkononi mwake. Dada yangu yuko Marekani, ambako vidonge hivyo huuzwa madukani bila cheti cha daktari, akatutumia kichupa kwa mapenzi yote. Nilikipeleka kwanza kwa daktari, pamoja na dawa zote za mama kwenye mfuko mmoja. Akazimwaga mezani, akatenga mbili: kidonge cha presha kinachomkojosha, na diklofenaki, dawa ya maumivu anayomeza kwa ajili ya magoti. Zote mbili huifanya figo ishindwe kuitoa lithiamu vizuri. Ikirundikana mwilini, mikono hutetemeka, mtu hutapika, ulimi unakuwa mzito, na figo zenyewe zinaweza kuharibika. Ndiyo maana wagonjwa wa akili wanaotibiwa kwa lithiamu, wao kwa dozi kubwa, hupimwa damu mara kwa mara.

Kichupa tumekiweka kabatini, hakijafunguliwa. Mama akapimwa presha, sukari na masikio. Haya si mambo madogo: mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja vihatarishi 14, yaani mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, vikiwemo presha, sukari, kutosikia vizuri na upweke, ikasema vyote vikishughulikiwa, karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu ingeweza kuzuilika au kuchelewa. Masikio ya mama yalijaa nta. Yaliposafishwa, alianza tena kuchangia maongezi ya sebuleni, na kumkatiza kaka yangu kama zamani.

Kwa hiyo ukimpeleka mzazi kliniki, beba kila anachomeza, hata dawa za mitishamba na zile za kununua dukani. Omba apimwe figo. Na usiondoke kabla hajaangaliwa masikio.